Ruta Mpya, Kasi Ile Ile

Ingia duka lolote la vifaa vya elektroniki kwenye barabara ya Luthuli hapa Nairobi, useme unatafuta ruta ya nyumbani. Utaulizwa mambo mawili: una bajeti ya pesa ngapi, na unataka ya antena ngapi. Mwezi uliopita niliulizwa hivyo katika maduka matatu kwa siku moja. Hakuna muuzaji aliyetaka kujua nalipia kifurushi cha kasi gani, kuta za nyumba ni za nini, wala ni saa ngapi hasa mtandao unanisumbua. Bila majibu ya maswali hayo hakuna mtu, awe fundi wa mtaani au mhandisi mwenye shahada, anayeweza kusema kama ruta mpya itanifaa.

Kilichonipeleka Luthuli ni shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa. Ni mwalimu wa hisabati, na jioni akishatoka shuleni huwafundisha wanafunzi wa kidato cha nne kwa video. Wanaishi Donholm, ghorofa ya nne. Kwa miezi miwili masomo yalikuwa yakikatika katikati. Sauti inakwaruza, picha inaganda, wanafunzi wanaanza kumwandikia kwamba hawamsikii. Akapigia simu kampuni inayomuuzia mtandao, akaambiwa azime ruta, ahesabu hadi thelathini, aiwashe. Alipopiga mara ya tatu, mhudumu akamwambia huenda ruta yake imezeeka. Basi akatoa shilingi elfu tisa, pesa ambazo kwao ni zaidi ya ada ya mtandao ya miezi miwili, akanunua ruta ya Wi-Fi 6 yenye antena nne.

Jumamosi akanipigia. "Shemeji, njoo uniangalizie hii kitu. Nimebadilisha na bado inazunguka tu."

Nilienda na kompyuta ya mkononi na waya wa mtandao wa mita tatu, ule wa shilingi mia mbili hivi. Waya huo una thamani kuliko antena zote nne, kwa sababu unaiondoa Wi-Fi katika hesabu. Ukichomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, unapima kile kinachofika nyumbani kutoka nje, bila kuta, bila jirani, bila umbali. Saa kumi alasiri ruta mpya kwa waya ilisoma megabiti 19 kwa sekunde. Kifurushi chao ni cha 20. Nikairudisha ruta ya zamani, ile iliyoletwa na kampuni siku ya kufunga faiba, nikachomeka waya ule ule. 19. Tukanywa chai, tukangoja jioni, kwa sababu jioni ndipo masomo yanapokatika. Saa mbili na nusu usiku ruta mpya kwa waya: 7. Ya zamani kwa waya: 7.

Shemeji aliziangalia zile namba kwa muda mrefu bila kusema neno. Nilimwonea uchungu. Mtu anayehesabu kila shilingi alikuwa amefanya alichoambiwa na watu wanaojua, na watu wanaojua hawakuwa wamepima chochote.

Data inayofika kwenye simu yako imepita mahali pengi: kompyuta ya kampuni unayoitembelea, nyaya za chini ya bahari, mitambo ya Mombasa na Nairobi, laini ya mtaa wenu, kisanduku kilicho ngazini, ruta, halafu hewa ya chumba chako. Kasi utakayoipata ni ya mahali pembamba kuliko pote katika safari hiyo. Mkazi wa Nairobi analielewa jambo hili kwa maji. Kama mtaa wenu unafunguliwa maji Jumanne na Ijumaa, ukiling'oa bomba la jikoni ukaweka la bei ghali, Jumatano bado utachota kwenye mtungi. Bomba si baya. Ni vile tu tatizo haliko hapo.

Ushahidi mzuri wa jambo hili ulitokea 2024. Septemba mwaka huo Safaricom ilipandisha kasi za vifurushi vyake vya nyumbani: waliokuwa na megabiti 10 wakawekwa kwenye 15, wa 20 wakapata 30, na wa 40 wakapata 80. Ili apate nyongeza hiyo mteja hakuhitaji kwenda Luthuli. Ruta ilikaa pale pale juu ya meza ya televisheni, na kasi ikabadilishwa kwenye mitambo ya kampuni. Kifurushi ni kikomo kinachowekwa na muuzaji kwa makusudi, na hakuna antena inayoweza kukivuka.

Kwa nini basi boksi la ruta linaandikwa namba kubwa kiasi hicho? Chukua ile inayoitwa AX3000. Hiyo 3000 ni jumla ya redio mbili zilizomo ndani: megabiti 574 kwenye masafa ya gigahezi 2.4 na megabiti 2,402 kwenye gigahezi 5, halafu hesabu ikakuzwa kidogo ili ifike elfu tatu kamili. Simu yako hutumia redio moja kwa wakati. Hiyo 2,402 nayo inataka chaneli pana ambayo simu nyingi haziwezi kuipokea, na inapimwa mahali ambapo hakuna ukuta wala jirani. Hata kama ungeipata yote, ni kasi kati ya simu na ruta, si kati ya ruta na dunia. Mtu wa kifurushi cha megabiti 20 akinunua AX3000, hewa ya nyumbani kwake itakuwa na nafasi mara mia ya kile kinachoingia mlangoni. Ruta ya N300, iliyotengenezwa zaidi ya miaka kumi iliyopita, ingeibeba megabiti 20 bila shida.

Kuna pia kuchanganya megabiti na megabaiti, jambo linalowafanya wengi waamini wanaibiwa. Vifurushi huuzwa kwa megabiti, na kompyuta nyingi huonyesha upakuaji kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo mwenye megabiti 20 akiona kompyuta inapakua megabaiti 2.5 kwa sekunde, anapata haki yake yote.

Najua kuna msomaji anayesema: mimi nilinunua ruta mpya na mambo yakawa mazuri. Namwamini. Ila angefikiria alichofanya siku hiyo. Aliiweka ruta mahali papya. Ruta ilipowaka ilichagua chaneli yenye nafasi. Na zaidi ya yote, aliweka nywila mpya. Katika majumba yetu nywila ya Wi-Fi huenea kama habari ya msiba: fundi wa friji alipewa, binamu aliyelala wikendi moja alipewa, mtoto wa jirani wa ghorofa ya chini alipewa akampa dada yake. Unapoweka ruta mpya wote hao wanatolewa kwa mara moja, na unadhani ni nguvu ya kifaa. Nilipofungua ukurasa wa ruta ya zamani ya shemeji, niliona vifaa 17 vimeunganishwa. Wao nyumbani ni watu wanne. Kubadilisha nywila ni bure, na huchukua dakika tano.

Turudi Donholm, kwa sababu kulikuwa na tatizo la pili. Shemeji hufundishia chumbani, ndiko kuna utulivu. Alasiri ile, wakati waya ulisoma 19, simu yake chumbani ilisoma 3 kwa ruta ya zamani na 5 kwa ile mpya. Hapo ruta mpya ilisaidia kidogo, na ni haki kusema hivyo. Lakini ruta zote mbili zilikuwa zimewekwa nyuma ya televisheni, sentimita chache kutoka sakafuni, mahali fundi alipoingizia waya siku ya kwanza. Kati yake na chumba cha kulala kulikuwa na bamba la chuma la televisheni yenyewe, kuta mbili za mawe ya Ndarugu, na upande mmoja friji.

Mawe hayo ndiyo yamejenga sehemu kubwa ya jiji hili, na ni mazito. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hupita ukuta kama huo kwa kujikokota, na ya gigahezi 5, ambayo ndiyo yenye kasi kubwa, hudhoofika zaidi. Watu wengi hawaambiwi hili: ile redio ya kasi inayotajwa kwenye boksi ndiyo inayochoka mapema ukutani. Simu ikiona gigahezi 5 imefifia hukimbilia 2.4, na huko inakutana na msongamano mwingine. Masafa ya 2.4 yana chaneli tatu tu zisizogongana, yaani 1, 6 na 11. Nikiwa nimesimama katika chumba kile, simu yangu ilihesabu mitandao 34 ya majirani. Mitandao 34 inagawana nafasi tatu, na katika kila chaneli ni kifaa kimoja tu kinachoweza kuzungumza kwa wakati. Wengine husubiri. Ukileta ruta yenye sauti kubwa zaidi, bado itasubiri zamu yake. Tena Wi-Fi ni mazungumzo ya pande mbili, na simu ina antena ndogo na betri ya kulinda. Ruta inaweza kufika chumbani vizuri na simu ishindwe kujibu.

Tuliivuta ruta ya zamani kwa waya wangu wa mita tatu hadi kwenye korido, tukaiweka juu ya kabati la viatu, kimo cha kifua, mahali panapoonana na mlango wa chumba. Nikaipa chaneli 11, iliyokuwa na watu wachache kuliko nyingine. Simu chumbani ikasoma 18.

Nisichopendekeza ni kile kisanduku cha kuchomeka ukutani kinachopokea Wi-Fi na kuirusha tena, labda iwe huna njia nyingine kabisa. Vingi vya bei nafuu hupokea na kurusha kwa redio ile ile, kwa hiyo kila kitu husemwa mara mbili na kasi hushuka karibu nusu. Tena watu hukichomeka kule kule ambako Wi-Fi imekufa, kikabaki kurudia kitu ambacho chenyewe hakisikii. Ukuta ukikushinda, pitisha waya. Fundi atakutobolea tundu kwa pesa kidogo, na waya hauna jirani.

Usiku ule basi tulikuwa na 7 kwenye waya na 7 chumbani. Hewa ilikuwa imepona, njia ya nje bado. Lakini hapa kuna swali ambalo lilinikalia kichwani njiani nikirudi kwangu Zimmerman. Somo la video lenye picha nzuri halihitaji hata megabiti 4. Saba zinatosha na kubaki. Kwa nini basi lilikuwa likiganda?

Jibu ni jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloumiza nyumba nyingi kuliko upungufu wa kasi, na karibu halizungumzwi kabisa. Ni foleni. Ruta, na kisanduku cha faiba vilevile, vina kumbukumbu ya kuhifadhi data inayosubiri kutoka. Kumbukumbu ilipokuwa ghali, foleni ilikuwa fupi. Ilipokuwa rahisi, watengenezaji wakaijaza, wakidhani wanafanya vizuri kwa sababu hakuna pakiti, yaani kipande cha data, itakayotupwa. Kumbe waliifanya foleni iwe ndefu mno. Tuseme njia yako ya kupakia ni megabiti 4 kwa sekunde, na foleni imejaa megabaiti 1. Megabaiti 1 ni megabiti 8. Sauti yako ikiingia mwisho wa foleni hiyo itasubiri sekunde 2 nzima kabla haijatoka nyumbani. Kwa mtu anayepakua filamu sekunde 2 si kitu. Kwa mwalimu anayemuuliza mwanafunzi swali, ni mwisho wa somo.

Mhandisi wa Marekani Jim Gettys ndiye aliyelipa tatizo hili jina la bufferbloat mwaka 2010, baada ya kuona mtandao wa nyumbani kwake ukikwama kila alipopakia faili kubwa, ingawa alikuwa amelipia kasi ya kutosha. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakachapisha njia ya kulitibu: badala ya kuangalia foleni ina urefu gani, ruta iangalie pakiti imekaa humo muda gani, na ikikaa sana itupwe ili anayetuma apunguze mwendo. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana programu inayoitwa fq_codel, ambayo pia hugawa zamu ili pakiti ndogo za sauti zisikwame nyuma ya faili kubwa. Iko bure.

Nikampigia shemeji. "Nani mwingine huwa nyumbani jioni?" Akasema kijana wao wa sekondari hurudi saa moja. Simu ya kijana imewekwa ipakie picha na video zake kwenye hifadhi ya mtandaoni kila inapokutana na Wi-Fi. Anatoka uwanjani na video za mpira za dakika arubaini, anaingia nyumbani, simu inaanza kumimina. Foleni inajaa. Mama yake, nyuma ya ukuta wa pili, anageuka sanamu mbele ya wanafunzi.

Tuliibadilisha simu ipakie saa sita usiku ikiwa kwenye chaji. Jumatatu akafundisha saa nzima bila kukatika, kwa megabiti zile zile 7.

Hapa ndipo ruta nyingine inaweza kusaidia kweli, na sharti nilikiri hilo. Kwangu nina ruta ya mitumba niliyoiwekea mfumo huria wa OpenWrt na kuwasha usimamizi wa foleni. Nimeiwekea kikomo chini kidogo ya kasi ninayoilipia, ili foleni ikae kwangu ninakoweza kuisimamia, isikae kwenye mitambo ya kampuni. Kabla ya hapo, mtu akipakia video, muda wa data kwenda na kurudi hadi kituo cha Nairobi ulikuwa ukiruka kutoka milisekunde 8 hadi zaidi ya 900. Sasa haupiti 30. Kifaa hicho hakijaongeza hata megabiti moja, tena kimepunguza kidogo, na nyumba nzima inasema mtandao umekuwa mwepesi. Mwenye duka hakutajii jambo hili kwa sababu halihesabiki kwa antena.

Nje ya mlango wa nyumba, mambo ni mapana na mengi hatuna mkono nayo. Faiba inayouzwa kwa nyumba nyingi hutumia teknolojia ya GPON, ambayo hushusha gigabiti 2.5 hivi kwa sekunde kwenye uzi mmoja wa kioo, na uzi huo hugawanywa kwa nyumba 32, 64 au zaidi. Mgawanyo huo si dhambi, kwa sababu si wote wanaotumia kwa pamoja. Taabu inaanza pale muuzaji anapoendelea kuongeza wateja bila kuongeza uwezo wa laini inayolilisha jengo au mtaa, na dalili yake ni ile tuliyoiona Donholm: mchana 19, usiku 7, kwa waya. Kwa wanaonunua Wi-Fi ya mtaani inayorushwa kutoka paa hadi paa, hali ni ngumu zaidi. Hata setilaiti haijaepuka. Starlink ilifika Kenya 2023, na kabla ya mwisho wa 2024 ikasimamisha kwa muda kuuza kwa wateja wapya wa Nairobi kwa sababu nafasi ya eneo hili ilikuwa imejaa. Kifaa kilikuwa kipya kabisa, na angani hakukuwa na nafasi.

Kisha kuna umbali, ambao hauna dawa. Mwanga ndani ya kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Nairobi hadi London, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 6,800 hivi. Kwenda na kurudi ni milisekunde 68 hata kama mitambo yote ya njiani ingekuwa kamilifu, na nyaya hazipiti mstari ulionyooka. Zinashuka Mombasa, zinafuata pwani na bahari, na muda halisi hupita milisekunde 100. Ndiyo maana nakithamini sana kituo cha KIXP, ambako kampuni za mtandao hubadilishana data hapa hapa nchini. Kilianza mwishoni mwa 2000, mdhibiti akakifunga baada ya muda mfupi, kikafunguliwa tena 2002. Kabla yake barua pepe kutoka Ngara kwenda Westlands, mitaa miwili ya Nairobi hii hii, ingeweza kupanda setilaiti hadi ng'ambo na kurudi. Leo video nyingi tunazotazama zinatoka kwenye mitambo ambayo kampuni kama Google na Netflix zimeiweka nchini, na ndiyo sababu filamu inaweza kwenda vizuri huku tovuti ya chuo cha Uingereza ikijivuta. Kipimo cha kasi nacho kwa kawaida huchagua kituo kilicho karibu, hapa Nairobi. Kikisema 20, kimekuambia habari za Nairobi tu.

Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini. Februari mwaka huo nyaya nyingine zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu, kwa hiyo njia za akiba zilikuwa zimeshapungua. Katika jengo letu Zimmerman niliwasikia watu siku ile wakiulizana ngazini, wakichomoa ruta na kuzirudisha, mmoja akasema kesho atatafuta nyingine. Kilichovunjika kilikuwa chini ya maji, maelfu ya kilomita kutoka Zimmerman, na kilihitaji meli.

Kuna mtu anayehitaji ruta mpya, nami sitamzuia. Kama umelipia kasi ya zaidi ya megabiti 100 na matundu ya kuchomekea waya ya ruta yako ni ya megabiti 100, hiyo ruta ni ukuta. Na uangalie unaponunua, kwani hata baadhi ya ruta zilizoandikwa AC1200 zina matundu ya megabiti 100 tu. Kama ruta yako haina gigahezi 5 kabisa na unaishi kwenye jengo la mitandao thelathini, badilisha. Kama haipati tena masasisho ya usalama, badilisha hata kama kasi ni nzuri. Na ukiweka ruta mpya nyuma ya kile kisanduku cha kampuni, izime Wi-Fi ya kisanduku, maana nimeona nyumba mbili ambako simu zote zilibaki kwenye Wi-Fi ya zamani huku ile ya elfu kadhaa ikimulika taa peke yake.

Lililonifanya niandike ni lile jibu la mhudumu wa simu, kwamba huenda ruta imezeeka. Kampuni ya faiba inaweza kuona kutoka ofisini kwake mwanga unaofika kwenye kisanduku cha mteja una nguvu kiasi gani. Inaweza kuona laini ya jengo imejaa kiasi gani saa mbili usiku. Inaweza kujua, bila kutuma fundi, kama tatizo liko ndani ya nyumba au nje. Kumwambia mteja akanunue kifaa kabla ya kuangalia hayo ni kumhamishia mzigo ambao si wake. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, na haki ya kupata taarifa anazohitaji ili afaidike nayo kikamilifu. Kasi ya jioni ni taarifa ya aina hiyo. Ningependa kila mkataba wa mtandao wa nyumbani uandike, pembeni ya ile kasi ya tangazo, kasi ambayo mteja atahakikishiwa kati ya saa moja na saa nne usiku, wakati ambapo wengi wetu ndipo tunautumia. Na mhudumu asiruhusiwe kutaja neno ruta kabla hajasoma kipimo cha laini.

Shemeji alipiga simu mara ya nne, safari hii akiwa na karatasi. Akamsomea mhudumu: kwa waya, saa kumi, 19, kwa waya, saa mbili na nusu, 7, ruta mbili tofauti, siku tatu mfululizo. Mhudumu akamwomba asubiri, akamhamishia kwa mtu mwingine, na huyo hakutaja kuzima na kuwasha. Baada ya wiki mbili mafundi wawili walikuja wakafungua kisanduku kilicho ngazini ghorofa ya kwanza, wakakaa humo hadi saa tisa. Walisema laini iliyokuwa ikilisha jengo lote imeongezwa.

Usiku huo shemeji alinitumia picha ya kompyuta yake, waya umechomekwa, saa mbili na dakika arubaini: 18. Ruta ya zamani iko bado juu ya kabati la viatu. Ile ya elfu tisa imerudi kwenye boksi lake, chini ya kitanda, pamoja na risiti iliyopigwa muhuri kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi.